Nikitaka nibakiwe na laki tisa kwa mwezi niuze paketi ngapi za ubuyu?

UmmuSalma_Jangombe

Assalam alaykum jamani, naomba wenye ujuzi wa hisabu mnisaidie. Mie nnatengeneza ubuyu hapa Jang'ombe, huu wetu wa hiliki na pilipili manga, natia kwenye paketi za robo kilo nasambaza maduka ya Mwanakwerekwe, Amani na Darajani. Kazi inakwenda alhamdulillah lakini naiendesha kwa kukisia, mwisho wa mwezi pesa ipo mkononi sijui ipi ya mtaji na ipi ndo yangu, sa nimetia nia kuanzia mwezi ujao nijue khasa nnakimbilia idadi gani. Lengo langu nibakiwe na 900,000 kwa mwezi baada ya kulipa kila kitu, nna kiwanja nataka nianze msingi.

Gharama zangu ni hizi. Sufuria moja inanipa paketi 40. Ndani yake kuna ubuyu kilo 6 nnaonunua 3,000 kilo (unaletwa kutoka bara), sukari kilo 4 nayo 3,000 kilo, hiliki, vanila, pilipili manga, rangi na chumvi kama 5,000, na gesi ya 3,000. Jumla 38,000, kwaiyo paketi moja 950. Mfuko na lebo 150, na binti anaepima na kubania namlipa 50 kwa kila paketi. Ikimaliza kufungwa imeshakula 1,150, mwenye duka namuuzia 2,000.

Kwa mwezi nalipa chumba 120,000, kijana wa kukoroga 200,000, umeme na maji 35,000, mafuta ya vespa ya kusambazia 50,000, bando 15,000. Leseni na vibali ni kama 120,000 kwa mwaka.

Shemegi yangu kanambia kitu rahisi, 2,000 toa 1,150 inabaki 850, chukua 900,000 gawa kwa 850 utapata paketi 1,059 basi uza hizo. Roho yangu haijatulia maana sioni kodi ya chumba imeingia wapi. Nisaidieni.

Karani_Malindi

Waalaykum salaam dada. Roho yako iko sawa. Hio 1,059 inakupa 900,000 kabla hujalipa chumba, kijana, umeme wala vespa. Leseni gawa kwa 12 ni 10,000 kwa mwezi, kwaiyo gharama zako za mwezi zinafika 430,000. Jumlisha na 900,000 unayoitaka ndo ugawe kwa 850. 1,330,000 gawa kwa 850 inakuja 1,564 na ushei, unapandisha, paketi 1,565. Ukiuza 1,059 za shemegi mwisho wa mwezi utakuta 470,000 mkononi na msingi hauanzi.

Maalim_Wete

Karani kajibu sawa, naomba niongeze kidogo kwa sababu dada akifahamu kwa nini inafanywa hivo hatohitaji kutuuliza tena bei zikibadilika.

Dada, gharama zako ziko namna mbili. Kuna zinazokwenda na mzigo, ukipika sufuria zinatoka, usipopika hazitoki: ubuyu, sukari, viungo, gesi, mfuko, ile 50 ya binti. Na kuna zinazokusubiri mwisho wa mwezi hata kama hukuuza paketi moja: chumba, kijana wa mshahara, leseni. (Mafuta ya vespa yako katikati, ukisambaza zaidi yatapanda, lakini kwa kuanzia yawache hapo kwenye za mwezi.) Hizi za namna ya pili huwezi kuzigawa kwa paketi mpaka ujue utauza ngapi, na utauza ngapi ndo unachokitafuta, kwaiyo usihangaike kuzigawa. Zirundike pamoja na faida unayoitaka, halafu uliza kila paketi ikiuzwa inaleta shilingi ngapi kwenye lile rundo. Inaleta 850. Fomula nzima ndo hio, chukua gharama za mwezi ujumlishe na faida unayoitaka, kisha ugawe kwa bei ya paketi uloitoa gharama za paketi.

Kabla ya 1,565 kuna namba nyengine lazima uijue kwa moyo. 430,000 gawa kwa 850 ni 506. Paketi 506 za mwanzo, yaani kama sufuria 13, zote zinafanya kazi ya kulipa chumba na kijana, wewe hupati hata senti. Faida yako inaanza paketi ya 507 na kutoka hapo kila moja ni 850 yako. Ndo maana mtu anaeuza 500 na anaeuza 700 wanaonekana karibu sawa lakini mmoja karudi mikono mitupu na mwengine kabakiwa na 165,000.

Na pandisha siku zote, usishushe. Tena weye hupiki paketi moja moja unapika sufuria, 1,565 gawa kwa 40 ni 39 na kidogo, kwaiyo pika 40, paketi 1,600, ukiuza zote unapata 930,000. Ukipumzika Ijumaa una kama siku 26 za kazi, ni sufuria moja na nusu kwa siku, yaani leo moja kesho mbili.

Sa nakuomba uangalie kitu kimoja vizuri sana. Siku mwenye duka atakwambia nipunguzie mia tu, niuzie 1,900, usiione ni mia. Ile 850 inakua 750. 1,330,000 gawa kwa 750 ni paketi 1,774. Umepunguza bei asilimia 5 lakini kazi imeongezeka paketi 209, zaidi ya asilimia 13, ni sufuria tano na zaidi za kukoroga kwa ajili ya mia ya mwenye duka. Sukari ikipanda 500 kwa kilo ni hivohivo, sufuria inaongezeka 2,000, paketi inaongezeka 50, inabaki 800 na unahitaji 1,663. Kila bei ikitikisika fanya hisabu upya siku hiohio usingoje mwisho wa mwezi.

DukaLaKona_Kwerekwe

Mie nipo upande wa pili wa hio biashara, nauza vitu vya kina mama kama nyie dukani kwangu, naomba niulize. Hizo paketi unaletewa pesa pale pale au unaacha mali kauli? Kwa sababu wengi wanaacha mali kauli, wanahisabu walizosambaza wanasema nimeuza 1,600 na huku mie dukani zipo 30 zimekaa na wiki ijayo namrudishia 10 zimeshika unyevu. Khasa wakati wa masika ubuyu unaloa, sukari inatoa maji, paketi inanata, mteja haigusi. Kwaiyo 1,565 ya maalim ni zilizouzwa na pesa ishaingia, sio zilizotoka nyumbani. Andika daftari mbili, ya zilotoka na ya zilolipwa, na ukija kupeleka mpya chukua kwanza pesa za zamani, sie wenye maduka tukiona mtu hafatilii deni lake tunalipa wanaofatilia.

UmmuSalma_Jangombe

Allah awalipe kheri nyote, sa nimeanza kuona njia. Kaka wa duka umenigusa pale pale, mimi naacha mali kauli na zinazorudi au zinazofunguliwa watu waonje ni kama moja katika kila 20. Hazifai tena kuuzwa.

Jengine sikuliandika mwanzo. Si zote zinakwenda madukani. Katika kila paketi 10, 6 ndo za maduka, 2 nawauzia watu wenyewe kwa WhatsApp kwa 2,500 wanakuja kuchukua nyumbani na 2 zinakwenda Dar kwa boti, yule dada wa Dar ananipa 2,200 lakini boti na mchukuzi vinakula 300 kila paketi. Wa WhatsApp na wa Dar wote wanalipa kabla. Sasa nigawe kwa ipi?

Maalim_Wete

Vizuri umeyasema, twende taratibu.

Tuanze na za maduka. Katika 20 unazopeleka 19 zinalipwa. 19 mara 2,000 ni 38,000, na kuzitengeneza zote 20 ni 23,000, inabaki 15,000. Gawa kwa 20 ulizopika, kila moja inaleta 750. Umeona? Ni ileile 750 ya mwenye duka aloomba apunguziwe mia. Hujapunguza bei kwa mtu yeyote lakini moja katika 20 ikiharibika ni sawasawa na kuwa umeshusha bei kwa mia kwa kila duka Unguja nzima. Kwaiyo mfuko mzito zaidi usioingiza hewa, hata ukikuzidishia shilingi 30 kwa paketi, ufikirie kwa namba hizi sio kwa kuona ni ghali.

Sa changanya. Za maduka 6 mara 750 ni 4,500. Za WhatsApp 2,500 toa 1,150 ni 1,350, mara mbili ni 2,700. Za Dar 2,200 toa 1,150 toa 300 ni 750, mara mbili ni 1,500. Paketi 10 zimeleta 8,700, wastani 870 kila moja. 1,330,000 gawa kwa 870 ni 1,529. Ukizigawa kwa mpangilio wako fanya 1,530 iwe rahisi, maduka 918, WhatsApp 306, Dar 306. Sufuria 39.

Lakini sikiliza, hio 870 inasimama pale tu mpangilio unapobaki 6, 2, 2. Wale wa WhatsApp ni paketi moja katika tano lakini wanaleta karibu thuluthi ya pesa yote. Wakipotea ikabidi zile zao ziende maduka na Dar, kila paketi inaleta 750 na unarudi kwenye 1,774. Na ukifurahi kwamba Dar wanakupa 2,200 zaidi ya maduka, kwako ni sawasawa na duka kabisa, faida yake ni kwamba wanalipa kabla. Mie ningetia nguvu kwa wale wanaokuja nyumbani.

BintiMkoani

Naomba niingie hapa maana mie nauza kashata na najua miezi haifanani. Dada UmmuSalma hio 1,530 ukiiweka kila mwezi utavunjika moyo Ramadhani. Mchana hakuna anaetafuna, watoto wa skuli ndo wanunuzi wakubwa wa ubuyu na skuli zikifungwa nazo vilevile. Lakini chumba na kijana 430,000 yao ipo palepale.

Weka lengo kwa mwaka. 1,330,000 mara 12 ni 15,960,000, gawa kwa 870 ni kama paketi 18,345 kwa mwaka. Tuseme Ramadhani umeuza 900 tu. 900 mara 870 ni 783,000, toa 430,000, umebakiwa na 353,000, umepungukiwa 547,000. Hizo unazigawa kwa miezi 11 ilobaki inakua kama paketi 58 za ziada kila mwezi, mzigo unaobebeka, hasa ukizingatia sikukuu. Huku kwetu Tibirinzi na huko kwenu Mnazi Mmoja siku za Iddi watoto wana pesa za sikukuu mkononi, mzigo wa siku zile uwe ushapikwa mapema. Na Julai Agosti na Disemba wageni wengi.

La pili, na hili nalisema kwa mapenzi. Hio 900,000 unaita faida lakini nani anaendesha vespa? Nani anajibu WhatsApp saa nne usiku? Jilipe mshahara. Andika mshahara wako 400,000 kwenye gharama za mwezi na faida 500,000. Jibu la paketi halibadiliki, bado ni 1,330,000, lakini siku ukiumwa ukatafuta mtu wa kusambaza utajua pesa yake ipo wapi, usile msingi wa nyumba.

Karani_Malindi

Nakubali na binti wa Mkoani. La kodi naligusa tu kwa sababu litakuja. Kama unakadiriwa kiwango cha mwaka kigawe kwa 12 ukitie pamoja na chumba. Ukija ukafungua kampuni inayolipa kodi ya faida asilimia 30 hisabu inageuka kidogo, kubakiwa na 900,000 mkononi lazima kampuni ipate 900,000 gawa kwa 0.7, kama 1,285,714 kabla ya kodi. Hio ndo unaijumlisha na 430,000, na ukigawa kwa 870 ni paketi 1,973. Usigawe 1,330,000 yote kwa 0.7, wengi wanafanya hivo, kodi inakatwa kwenye faida sio kwenye kodi ya chumba.

UmmuSalma_Jangombe

Mashaallah, nimeandika yote daftarini. Mshahara wangu nautia kama alivosema binti wa Mkoani. Naomba jengine moja la mwisho. Kuna duka la zawadi kwenye hoteli moja Nungwi wanataka paketi 300 kila mwezi lakini kwa 1,600, wanakuja kuchukua wenyewe na pesa taslimu. Ndugu zangu wote wananambia usikubali bei ndogo hio ni hasara. Nikubali?

Maalim_Wete

Sio hasara. 1,600 toa 1,150 ni 450, mara 300 ni 135,000 kila mwezi, hakuna zinazorudi, hakuna vespa. Gharama zako za mwezi zishalipwa na wale wengine. Swali la kwanza ni nafasi. Kijana wako anaweza sufuria ngapi kwa siku?

UmmuSalma_Jangombe

Mbili, zaidi ya hapo anachoka na ubuyu unaungua chini.

Maalim_Wete

Basi mwisho wako ni sufuria 52 kwa mwezi, paketi 2,080. Una 1,530 ukiongeza 300 ni 1,830, nafasi ipo. Au tumia hio 135,000 kupunguza mbio: 1,330,000 toa 135,000 ni 1,195,000, gawa kwa 870 ni paketi 1,374 kwa wateja wako wa kawaida badala ya 1,529, ukijumlisha 300 za hoteli unapika 1,674. Ingekua nafasi haipo ningekwambia hapana, kwa sababu kijana wa pili wa 200,000 hawezi kulipwa na 135,000.

DukaLaKona_Kwerekwe

Maalim samahani nakukatisha, hesabu iko sawa lakini sie wenye maduka tunasikilizana. Siku ikijulikana hoteli anapewa paketi ileile kwa 1,600 mie wa kwanza ntaitaka 1,600.

Maalim_Wete

Umesema la maana kaka, na tulitie kwenye namba dada aone. Maduka yote yakipata 1,600 na bado moja katika 20 inaharibika, za maduka zinaleta 370 tu kila moja. 6 mara 370 ni 2,220, jumlisha 2,700 na 1,500 ni 6,420, wastani 642. 1,330,000 gawa kwa 642 ni 2,072, na mwisho wa sufuria lako ni 2,080. Utakua unapika kila siku ya kazi mpaka jioni kupata pesa ileile, na za hoteli huna pa kuzipikia.

Kwaiyo usiwape paketi ileile. Wafungie gramu 200 kwenye mfuko mwengine na lebo nyengine, wageni wanapenda kidogo kidogo cha kubeba kwenye begi. Ubuyu wa ndani unashuka kutoka 950 mpaka 760, mfuko na lebo 150, binti 50, jumla 960. Kwa 1,600 inakuachia 640 kila moja, paketi 300 ni 192,000 badala ya 135,000, na hakuna mwenye duka atakaesema unamuuzia mwengine kitu kilekile kwa bei rakhisi. Lebo za mwanzo usichapishe nyingi, chapisha za mwezi mmoja, na waambie hoteli nusu ya pesa itangulie siku wanapotoa oda ili sukari na ubuyu uzinunue kwa pesa yao.

UmmuSalma_Jangombe

Gramu 200 sikuifikiria kabisa. Kesho asubuhi nampigia yule wa Nungwi na jioni napita kwa mchapishaji wa lebo nijue bei, kama itazidi 150 narudi hapa na hisabu mpya.